Kikombe cha Saba

Mbu elfu nane walikuwa wamehukumiwa kifo, na hakuna hata mmoja aliyepewa nafasi ya kujitetea. Hukumu ilibandikwa kwenye mlango wa banda lao, ina mhuri na saini mbili, na ilisema wauawe wote Jumatatu hiyo saa kumi kamili alasiri. Mnyongaji alikuwa ameshafika. Alikuwa Afisa Afya, mtu mnene mwenye buti za mpira, naye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pampu ya dawa imelala mapajani mwake kama mjukuu.

Inspekta alitazama saa yake. Saa saba na dakika kumi.

"Nikikipata hicho kikombe kilichopotea je?" aliuliza.

"Ukinionyesha mbu ishirini, afande, nabeba pampu yangu naenda kula," alisema Afisa Afya. "Ukinionyesha kumi na tisa, napuliza. Mmoja akiwa mtaani ni mmoja mno."

Inspekta aliandika maneno hayo na saa yaliposemwa. Kituoni walimwita Kalenda. Alikuwa mwanamke asiyeamini jambo lolote mpaka liwe na tarehe, na wenzake waliapa kwamba hata posa yake aliijibu baada ya kuomba ratiba.

Kesi yenyewe ilienea ukurasa mmoja wa daftari lake. Katika banda hili Profesa, ambaye mji mzima ulimwita Mama Mbu, alikuwa amechunguza vimelea vya malaria kwa miaka thelathini na mmoja. Alhamisi tarehe kumi na saba, kwa mujibu wa daftari la hesabu, kikombe cha saba kilitoweka, nacho kilikuwa na mbu ishirini waliobeba vimelea. Jumamosi tarehe kumi na tisa, mlinzi wa lango alianguka kwa homa. Damu yake ilipopimwa, ilikuwa malaria, katika mji ambao ugonjwa huo ulikuwa umebaki kwenye vitabu. Majirani hawakuhitaji mpelelezi. Kikombe kimetoka, mlinzi ameumwa, kesho ni zamu yetu.

Asubuhi hiyo Inspekta alikuwa ameanzia wodini. Mlinzi, mzee mwenye masharubu yaliyonyooka kuliko mgongo wake, alikuwa ameketi kitandani na homa imeshashuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sikuona mwizi, sikusikia mwizi, na lango lilikuwa limefungwa."

"Sijauliza bado."

"Nakupunguzia kazi, mwanangu."

Alipoinua mkono kunywa maji, shati la wagonjwa lilipanda. Ndani ya mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, palikuwa na duara jeusi lililokolea, limejaa madoadoa, mengine ya zamani na mengine mapya. Lilikuwa limekaa sawasawa kama mhuri wa ofisi.

"Na hilo?"

"Choa."

"Choa chenye kingo zilizopimwa kwa bikari?"

"Ndiyo choa cha kwetu," alisema mzee, akateremsha mkono wa shati, akafumba macho na kuanza kukoroma upesi kuliko binadamu anavyoweza kulala.

Inspekta alichora duara lile kwenye daftari lake, ukubwa uleule, akaandika tarehe.

*

Mtu wa kwanza kuhojiwa bandani alikuwa Naibu wa Profesa. Afisa Afya ndiye aliyemnong'oneza kwamba Alhamisi jioni Naibu alionekana akitoka na boksi lililofunikwa kwa koti, akitembea kama mtu aliyebeba mayai. Naibu alikuwa na tai, kalamu tatu mfukoni na sauti ya kutangaza matokeo.

"Boksi liko wapi?" aliuliza Inspekta.

"Ni mambo binafsi."

"Hapa pana mtu aliyelazwa na kikombe kilichopotea. Mambo binafsi yamekwenda likizo."

Boksi lilikuwa chini ya meza yake, limefungwa kwa utepe wa gundi mara nne. Inspekta alikata utepe taratibu. Naibu alitoa jasho. Nje, pampu ilipiga chafya. Afisa Afya alikuwa akiijaribu.

Ndani ya boksi mlikuwa na gazeti, na ndani ya gazeti kibao cha shaba cha kubandika mlangoni. Kilikuwa kimeng'arishwa mpaka mtu angeweza kunyolea ndevu mbele yake. Kiliandikwa neno moja: MKURUGENZI.

Walikitazama wote wawili kwa heshima.

"Kiti hicho kina mtu," alisema Inspekta.

"Profesa anastaafu mwakani. Mimi ni mtu wa kujiandaa."

"Na kama angeondolewa leo?"

"Sikuchukua kikombe, afande! Nisingeweza hata kukishika. Mimi," alisema Naibu, na sauti ya matokeo ikamshuka, "mbu hai siwapendi. Huwa nawashughulikia wakishakufa."

Inspekta aliandika. Tamaa ilikuwepo, tena imechongwa kwenye shaba. Lakini mtu aliyeiba mbu ili apate cheo angekuwa ameficha kibao na kikombe mahali pamoja, na boksi lile halikuwa na hata bawa moja. Saa nane na nusu.

*

Profesa alimpokea akiwa ameketi. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, mikono ya gauni imefika viganjani. Nyuma yake kabati lilijaa droo nyembamba za vioo vya hadubini, kila droo na mwaka wake. Juu ya kabati, kwenye fremu, kulikuwa na kibali cha banda. Pembeni ya kibali kulikuwa na bango alilolichora mwenyewe kwa ajili ya wanafunzi wanaokuja kutembea: mbu, mshale, mkono wa mtu, mshale mwingine, mtu aliyejifunika blanketi.

"Elfu nane ni wengi," alisema Inspekta.

"Ni ukoo mmoja. Mama yao nilimkamata mwenyewe kwenye shimo la maji, nikiwa na miaka thelathini na ndoo isiyo na mpini. Toka siku hiyo ni vizazi kama mia tano. Hakuna ukoo wa mbu niujuao uliofuatiliwa hivyo bila kukatika. Wakipuliziwa leo, afande, siwezi kuanza upya. Wala mtu mwingine hawezi."

"Basi mbona hujitetei?"

"Nijitetee kwa lipi?"

Inspekta alinyoosha kalamu kwenye bango. "Nisomee mshale wa pili."

Profesa hakugeuka. "Kuumwa na mbu hadi homa, siku tisa hadi kumi na nne. Pengine saba. Chini ya hapo sijawahi kuona."

"Kutoka Alhamisi hadi Jumamosi?"

"Mbili."

"Kwa hiyo kikombe kilichotoweka Alhamisi hakikumuuguza mlinzi Jumamosi. Umekaa chini ya utetezi wako tangu asubuhi, Profesa, na hujaugusa. Mtu anayenyamazia jambo linalomsaidia ana mtu mwingine anayemkinga."

"Utetezi huo haurudishi mbu ishirini."

"Lakini unabadilisha swali. Badala ya nani kaiba Alhamisi, nauliza mlinzi aliumwa lini, na aliumwa na nani."

Inspekta alichukua kikombe kitupu cha karatasi kutoka mezani, aina ileile ya vikombe vyote vya bandani, vyenye neti juu badala ya kifuniko. Akafungua daftari lake na kukiweka kifudifudi juu ya duara alilochora wodini. Kilikaa kama kifuniko kwenye sufuria yake.

"Anasema ni choa," aliongeza.

Profesa alitazama duara. Kisha akakunja mkono wa gauni lake. Ndani ya mkono palikuwa na duara kama lile, limefifia, halina doa jipya.

"Mbu jike hatagi bila damu," alisema. "Ukoo wangu unakataa damu ya mnyama. Ni wachaguzi kuliko watoto wa bweni siku ya maharage. Kwa hiyo kila Jumanne kikombe cha mbu wasafi, wasio na vimelea, hufunikwa kwenye mkono wa mtu kwa robo saa. Soma kibali."

Inspekta alisoma. Mkono wa mkurugenzi pekee.

"Miaka thelathini ulikuwa wangu. Mwaka jana daktari aliniandikia dawa ambayo nitaimeza mpaka nizikwe, na kila mbu aliyeninyonya akafa. Mlinzi akaniona nalia kwenye ngazi. Akasema, 'Mama, mimi damu ninayo na kazi yangu ni kukaa tu.' Hakuomba chochote. Nikimtaja, anafukuzwa kazi. Nilishapoteza kikombe, sikutaka kupoteza na mtu."

"Mbu wasafi hawaleti malaria."

"Hapana."

"Jumanne gani iko nyuma ya Jumamosi kwa siku tisa au zaidi?"

Profesa alihesabu, ingawa hakuhitaji. "Tarehe nane," alisema. Uso wake ulibadilika kidogo, kama wa mtu aliyesikia mlango ukigongwa chumba cha pili. "Lakini tarehe nane kila kitu kilikwenda sawa. Mpwa wangu ndiye aliyemlisha. Hajakosea hata siku moja."

Saa tisa na dakika tano.

*

Mpwa wa Profesa ndiye fundi wa banda. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane aliyelelewa na shangazi yake tangu akiwa na miaka sita, na tangu hapo amekuwa akihesabu mbu. Chumba chake cha kazi kilikuwa na joto la kubandika shati mgongoni. Kwenye rafu kulikuwa na vikombe kumi na kimoja vya mbu wenye vimelea, kila kimoja na kipande cha pamba juu ya neti, kimeloweshwa maji ya sukari. Pengo la cha saba lilionekana kama jino lililong'oka.

Inspekta alifungua daftari la hesabu. Tarehe kumi na sita, vikombe kumi na viwili. Tarehe kumi na saba, kumi na kimoja. Kumi na nane, kumi na kimoja.

"Ulikuta hakipo Alhamisi, ukamwambia Profesa Jumamosi jioni. Kwa nini?"

"Nilikuwa nakitafuta, afande."

"Siku tatu?"

"Banda kubwa hili."

Lilikuwa na vyumba vitatu. Inspekta aligeukia jokofu. Mlangoni palibandikwa karatasi yenye madoa ya sukari: orodha ya pamba zinazobadilishwa kila asubuhi, imejazwa kwa kalamu ya risasi iliyoning'inia kwa uzi. Ilikuwa karatasi ambayo hakuna mtu huikumbuka anapotaka kudanganya.

"Nisomee tarehe kumi na nane."

Fundi alisoma. "Pamba... kumi na mbili."

"Ijumaa ulivipa vikombe kumi na viwili maji ya sukari, na daftari linasema vilikuwa kumi na kimoja. Maji ya hicho cha kumi na mbili aliyanywa nani, mimi?"

"Nilikosea kuhesabu pamba."

"Shangazi yako kaniambia hujakosea hata siku moja."

Kijana alikaa. Inspekta hakukaa.

"Hakikuibwa Alhamisi. Kilikuwepo Ijumaa. Jumamosi ulisikia mzee kalazwa, ndipo kikaondoka, nawe ukarudisha tarehe nyuma ili wizi utangulie ugonjwa. Uliona polisi hawajui siku za mbu."

"Sikumwibia mtu."

"Najua. Mwizi angetoka nacho, na mtu wa kazi hii angewaua kwanza ili wasimdhuru mtu. Nyinyi huwa mnawauaje?"

Macho ya fundi yalikwenda kwenye friza iliyokuwa kona, yakarudi haraka, lakini macho hayana breki.

"Bado sijui ulichokuwa unaficha," alisema Inspekta. "Ulimlisha mzee kutoka kikombe gani tarehe nane?"

"Kisafi."

"Daftari linasema siku hiyohiyo mbu watano wa kikombe cha saba walipasuliwa. Nani aliwapasua?"

"Mimi," ilisema sauti ya Naibu mlangoni. Nyuma yake alisimama Profesa. "Profesa aliitwa kwenye kikao cha bodi, akaniachia. Nilitazama tezi za mate, vimelea vilikuwepo, nikaandika. Kazi safi."

"Matumbo yao?"

"Yamehifadhiwa. Huwa tunahifadhi kila kitu."

Aliyaleta mwenyewe, vichupa vitano vyenye tarehe, kila kimoja na tumbo moja kavu dogo kuliko punje ya mchele. Inspekta aliviinua kwenye mwanga wa dirisha. Hakuhitaji hadubini. Yote matano yalikuwa yamevimba, na meusi-mekundu.

Akampa Profesa vichupa.

"Kikombe hiki kilipewa damu mara ya mwisho siku kumi na nne kabla," alisema Profesa polepole. "Tumbo la mbu kama huyo linatakiwa liwe limesinyaa kama la mwanafunzi wa bweni mwisho wa muhula. Hii ni damu ya asubuhi ileile." Akamgeukia Naibu. "Uliona?"

"Niliona."

"Hukuandika?"

"Fomu," alisema Naibu, na kwa mara ya kwanza alionekana mdogo kuliko tai yake, "fomu haina safu ya tumbo. Niliulizwa kuhusu mate."

Nje ndoo ilikwaruza sakafu. Afisa Afya alikuwa amesimama.

"Ungeandika neno moja," alisema Inspekta, "mzee angepewa dawa siku hiyohiyo, asingelala wodini." Akamgeukia fundi. "Ulimpa kikombe cha saba."

"Nilimpa mimi, kwa kosa langu peke yangu. Niandike hivyo, afande, nitie saini twende."

"Kiliwezaje kutoka chumba cha ndani hadi kwenye meza ya kulishia?"

"Nilikitoa mimi."

"Kwa nini?"

Fundi alitazama sakafu. Ndipo Profesa aliposhika ukingo wa meza.

"Kaa kimya, mwanangu," alisema. "Nilikitoa mimi."

"Shangazi..."

"Kazini mimi ni Profesa. Afande, andika. Tarehe nane asubuhi nilitaka kuwapasua wale watano mwenyewe. Nikatoa kikombe cha saba, nikakiweka kwenye meza ya nje, nikaondoa pamba ili wasijae sukari. Simu ikalia. Nikaenda kikaoni, nikakiacha pale."

"Na kikombe kisicho na pamba, mezani, siku ya Jumanne?"

"Ni kikombe chenye njaa kinachosubiri mkono," fundi alijibu, machozi yakimtoka. "Kwetu hiyo ni amri. Sikukigeuza kusoma namba. Jumamosi niliposikia mzee ana homa, nikakumbuka wale wasafi hawakutaga wiki ile. Nikajua. Mimi nitapata kazi nyingine. Yeye ana miaka thelathini na mmoja ya kazi, halafu akumbukwe kwa dakika moja ya simu?"

"Kwa hiyo yeye alikinga mlinzi," alisema Inspekta, "wewe ukamkinga yeye, na Naibu akakinga fomu. Saa kumi kasorobo. Kileteni."

*

Kikombe cha saba kilitoka chini kabisa ya friza, kimefungwa ndani ya mifuko miwili katikati ya pakiti za barafu za safari za vijijini. Neti ilikuwa imekaza isipokuwa mchaniko mdogo pembeni, fundo halijaguswa. Profesa alimimina yaliyomo kwenye karatasi nyeupe, akachukua kibano. Afisa Afya aliingia na pampu mgongoni, akasimama nyuma yake, akipumua kwa pua.

Profesa alihesabu kwa sauti. Kila mbu alimsukuma upande wa pili wa karatasi, taratibu, kama anayepanga watoto mstarini. Kumi. Kumi na moja. Fundi alihesabu naye kwa midomo. Kumi na saba. Kumi na nane.

"Kumi na tisa," alisema Profesa.

Karatasi ilikuwa tupu.

Afisa Afya alivuta mpini wa pampu mara moja. Saa ya ukutani ilisema zimebaki dakika sita. Profesa aliinua kikombe, akakichungulia, akakigonga. Hakikutoka kitu. Fundi alikung'uta mifuko. Hakuna.

"Watano walipasuliwa kutoka ishirini na tano," alisema Inspekta. "Wakabaki ishirini. Ijumaa walikuwa ishirini?"

"Ishirini," alisema fundi.

"Ulikiweka na pamba yake?"

Fundi aligutuka. Aliinyakua mifuko na kuipindua nje ndani. Pamba ilikuwa imeganda na kushikamana na mfuko wa ndani, na kijipande cha neti kilichochanika kidogo pembeni kilikuwa kimeshikamana nayo. Profesa aliitandua chini ya taa uzi kwa uzi. Ndani kabisa, mdomo wake ukiwa bado umechomekwa kwenye sukari iliyoganda, alikuwepo mbu jike, miguu sita, mabawa mawili. Alikufa akila.

"Ishirini," alisema Profesa.

Afisa Afya aliinama, akahesabu upya wote, kidole kikitembea hewani. Kisha akafungua kizibo cha pampu, hewa ikatoka kwa kulalamika.

"Nilishavaa buti," alisema kwa huzuni, akaenda kula.

Profesa hakushangilia. Alivuta daftari la hesabu, akafungua tarehe nane, na pembeni mwa safu zote, mahali ambapo fomu haikuacha nafasi, akaandika alichofanya, kwa mistari minne, na jina lake chini. Akavua koti jeupe. Akatoa funguo tatu na kuziweka juu ya meza, mbele ya Naibu.

"Taarifa yako itakwenda bodi leo?" alimuuliza Inspekta.

"Saa kumi na moja. Jina la mlinzi litaandikwa kama mgonjwa, basi."

"Ahsante." Akaelekea mlangoni.

"Profesa," fundi aliita.

"Niite shangazi," alisema bila kugeuka. "Kazini sipo tena. Twende tukamwone mzee."

Walipotoka, Naibu alibaki akizitazama zile funguo. Mkono wake ulizifuata pole pole, ukazifunika. Kupitia ukuta wa neti ulisikika mlio mwembamba wa mbu elfu nane walio hai.

"Hongera," alisema Inspekta, akifunga daftari. "Nadhani kibao utakipigilia leo."

"Sioni sababu ya kuchelewa."

"Wala mimi. Soma na kibali, kile cha kwenye fremu. Mkono wa mkurugenzi pekee." Alivaa kofia yake na kutazama tarehe kwenye saa, kwa mazoea tu. "Kesho ni Jumanne."

Kutoka nje, kwenye ngazi, alimwona Naibu dirishani akifungua kifungo cha kwanza cha mkono wa shati, na kusita.